Springi za Kalamu

Gari langu lilianza kugonga mbele kabla sijafika Maswa, nikajua kwamba safari hiyo nitaimaliza roho juu. Mtu mwingine angeongeza sauti ya redio akaendelea na safari yake. Mimi siwezi. Sauti ya kitu kilicholegea kwenye miguu ya mbele ya gari hunishika tumboni, na imenishika hivyo tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Nimewaeleza mafundi wengi, wakacheka, wakaniambia mama, gari ni chuma, acha lilie. Siku hiyo nilikuwa natoka Lalago, ninakoishi tangu nistaafu ualimu, kwenda Bariadi kumzika Mama Ima, mwanamke aliyenipa kazi ya kwanza maishani mwangu na chumba cha kulala. Nilifika nikiwa nimechelewa, nimejaa vumbi, mikono imekufa ganzi kwa kuung'ang'ania usukani. Tulipomaliza kuzika, Ima mwenyewe, ambaye nilimwacha akiwa na miaka saba na meno mawili pengo, alikuja kunipa mkono akiwa baba mzima mwenye tumbo na malori manane ya kubeba pamba. Akaniletea sahani ya wali na nyama kwa mkono wake, akakaa karibu yangu kwenye mkeka, kisha akasema, "Mwalimu, nimesikia gari lako likilia pale getini. Usirudi nalo hivyo. Nenda nyuma ya soko kwa Mama Springi, ndiye fundi anayetutengenezea malori yetu yote. Kabula. Si mnafahamiana nyie? Aliwahi kufanya kazi hapa hapa nyumbani." Nilikunywa maji, nikasema ndiyo, tunafahamiana.

Sikuwa nimemwona Kabula tangu mwaka ule. Nikisema mwaka ule, watu wa umri wangu huku kwetu wanaelewa bila kuuliza: mwaka wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, ushirika ukabaki umekodoa macho, na ghafla kila mwenye lori akawa bosi. Maduka ya Bariadi yalijaa vitu ambavyo tulikuwa tumevizoea kwa majina tu. Mume wa Mama Ima, Mzee Maduhu, alikuwa mmoja wa wale waliowahi. Alikuwa na malori mawili, ghala, na jenereta iliyopiga kelele kuanzia magharibi hadi saa tatu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu, na kazi yangu pale ilikuwa kumfundisha Ima kusoma na kuhesabu, maana shuleni alikuwa anakataa kata kata kufungua mdomo. Waliniita Mwalimu kabla sijawa mwalimu. Niliipenda sana heshima hiyo, na nitasema mapema kwamba ndiyo iliyoniponza.

Nilipewa chumba cha uani, cha kulala pamoja na Kabula, msichana wa kazi. Alikuwa ametoka Kimali, mdogo kwangu kwa mwaka mmoja au miwili, mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana naye. Nusu ya chumba ilikuwa yetu, nusu ilikuwa ya magunia ya pamba yaliyokosa nafasi ghalani. Yalipangwa hadi darini, na harufu yake, ile ya mbegu na vumbi na dawa ya kuulia wadudu, iliingia kwenye nguo, kwenye mashuka, hata kwenye maziwa mgando aliyokuwa akiyahifadhi kwenye kibuyu pembeni ya kitanda chake. Asubuhi tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa chai ya rangi, tumekaa kwenye kizingiti, yeye akiongea na mimi nikisahihisha daftari la Ima. Kabula alikuwa mtu wa kutazama vitu. Ukimpa kufuli lililokwama, hakulilazimisha. Alilishika, akaligeuza, akalisogeza sikioni kama anasikiliza habari. Mama Ima alikuwa amemwahidi kwamba baada ya msimu wa pamba angempeleka kujifunza cherehani, na Kabula aliishi kwa ahadi hiyo. Alisema akirudi Kimali kinachomngoja ni jembe na kuchunga, basi, na hakuna atakayemtuma tena mjini.

Sasa, wiki kama tatu kabla ya jambo lenyewe, Kabula alivunja chupa ya chai. Ilikuwa chupa mpya yenye maua, imetoka Mwanza. Siku hiyo jioni nilikuwa nimekaa na Ima sebuleni, dirisha la barazani liko wazi, nikamsikia Mama Ima akimwambia mumewe, "Kikombe nilinyamaza. Chupa nimenyamaza. Kitu kingine kikivunjika humu ndani, huyu mtoto anarudi kwao Kimali, nami sitaki kuombewa msamaha." Mzee Maduhu akajibu kwa ule mguno wake wa mtu anayefikiria malori. Nilimhurumia Kabula kwa dhati. Nakumbuka nilimwonya usiku ule ule, nikamwambia awe mwangalifu, kwa sauti ya mkubwa anayemshauri mdogo.

Katika kabati la vioo la sebule hiyo ndimo lilimokaa gari la rimoti. Mzee Maduhu alikuwa amerudi nalo kutoka Dubai: jekundu, urefu wake kama mkono wa mtoto hadi kwenye kiwiko, tairi nene za mpira zenye meno, na mbele, ukilichungulia kwa chini, lilikuwa na vijiguu viwili vya plastiki, kila kimoja kimeshikiliwa na kijibomba chenye springi, mfano wa shokapu za gari la kweli. Mjini Bariadi hapakuwa na la pili. Wageni waliokuja kuzungumza habari za pamba walikuwa wanaomba walione likitembea. Ima alikuwa analirusha kutoka kwenye ngazi ya baraza, likidunda, likiruka ruka mchangani kama ndama aliyefunguliwa, naye akicheka hadi anakaa chini. Mimi nilisimama pembeni na kitabu mkononi. Nilikuwa natamani kuishika ile rimoti kwa namna ambayo hadi leo naionea aibu. Lakini mwalimu ataombaje zamu ya kuchezea gari la mtoto?

Jumatatu moja Mama Ima alimchukua Ima kwenda Mwanza kumpima macho. Walikuwa warudi Ijumaa. Mzee Maduhu alikuwa Sapiwi kwenye vituo vyake vya kununulia pamba, na Kabula alikuwa ameenda bombani. Nyumba ilikuwa tupu, jua la saa nne limeingia hadi katikati ya sebule. Nikafungua kabati. Nilijiambia nitalitazama tu. Kisha nikajiambia nitalitembeza barazani tu, kwenye sakafu. Lilipotii kidole changu nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia toka niwe mtu mzima, nikalielekeza ngazini kama alivyofanya Ima, nikabonyeza hadi mwisho. Liliondoka likaenda hewani, likageuka kidogo, likatua kwa pua juu ya jiwe lililokuwa chini ya ngazi. Nilisikia sauti ndogo kavu, ya kitu chembamba kuvunjika. Nilipolinyanyua, mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa unaning'inia, na springi yake haikuwepo. Niliitafuta mchangani kwa magoti na viganja, sikuiona. Nikasikia ndoo ya Kabula ikigonga geti. Nikalirudisha gari kabatini mbio mbio, nikaliegemeza upande mbovu ukutani, nikafunga kioo, nikakaa kwenye kiti na kufungua kitabu ambacho baadaye niligundua nilikuwa nimekishika juu chini.

Siku ile sikula. Kabula alipika ugali wa mtama na mlenda, akaniuliza kama naumwa, nikasema kichwa. Kila nilipofumba macho nilimwona Mama Ima akifungua kabati, na nilijua swali la kwanza lingeenda kwa nani. Hapo ndipo penye ubaya wenyewe: sikuwa naogopa kuulizwa. Nilijua sitaulizwa. Nani angemshuku Mwalimu kwamba alirusha gari ngazini? Nilikuwa naogopa kumtazama Kabula akiulizwa. Nikajaribu kujipanga: nitasema, nitasema kwanza, nitamngoja getini na kumwambia mama samahani. Dakika inayofuata nikawaza barua ya chuo ambayo Mama Ima aliahidi kunifuatilia kwa jamaa yake, nikanyamaza hata mbele ya nafsi yangu.

Jumanne asubuhi nilijikaza. Tukiwa kizingitini na matobolwa yetu nikamwambia Kabula, "Nimelikuta gari la Ima limeharibika mbele." Ndivyo nilivyosema. Nimelikuta. Kabula aliacha kutafuna. Aliingia sebuleni, akalitoa, akaligeuza tumbo juu, akakisukuma kile kimguu kwa kidole mara tatu, nne. Nilisubiri aniulize. Akasema, "Mwalimu, hiki ni springi. Twende kwa anayefunga springi." Akalifunika kwa khanga ndani ya karai, akalibeba kichwani, na mimi nikamfuata nyuma, nikitazama kila aliyetusalimia kana kwamba anaona kilichomo ndani.

Fundi Luhende alikuwa amefanya kazi gereji ya ushirika hadi gereji ilipofungwa. Sasa alikuwa na banda lake la bati nyuma ya soko, na kazi zilimzidi, maana malori yote ya wanunuzi wapya yalikuwa yanapitia kwake. Yalikuwa magari yaliyochoka, na kila bosi alitaka yabebe kuliko yalivyoumbwa. Lori likiletwa limeinama, Fundi Luhende aliliongezea bamba la springi. Likirudi limeinama tena, akaongeza jingine. Alijulikana kwa hilo wilaya nzima.

"Mwangaluka, baba," Kabula alimsalimia kwa Kisukuma, akikunja magoti.

"Mwangaluka, mayo. Mhola?"

"Mhola duhu. Tumekuletea gari."

Mzee alicheka alipoliona, lakini alilipokea kwa heshima, akavaa miwani, akalilaza juu ya meza yake katikati ya nati na vyuma vya malori. Alikiunga kimguu kilichovunjika kwa msumari wa moto, plastiki ikayeyuka na kunuka, halafu akakizungushia waya wa shaba. Kazi safi. Kisha akafika kwenye springi. "Hii iliyobaki ni uchafu," akasema, akaing'oa ile ya kulia pia akaitupa. Akachukua kipande cha ule ukanda wa chuma unaofungia marobota ya pamba, akakikata vibamba vinne vyembamba, akavikunja, akavipanga viwili viwili, vidogo juu ya vikubwa, akavifunga mbele ya gari la Ima vile vile alivyofunga vya malori. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Lilipendeza. Lilikuwa limesimama pua juu, kama fahali aliyesikia harufu ya mwenzake.

Tuliliwasha pale pale nje ya banda. Lilikwenda hatua mbili. Lilipogusa kokoto la kwanza lilirusha pua juu likalala chali, tairi zikizunguka hewani. Tukalisimamisha. Likalala tena. Nikajaribu kulikunja kulia, halikukunja, maana tairi za mbele zilikuwa zinaigusa ardhi kwa kuibia. Fundi akasema, "Lina njaa ya bamba. Niongeze moja." Akaongeza moja kila upande. Safari hii halikungoja kokoto, lilipinduka kwa kuondoka tu. Nilikaa chini juu ya tairi bovu nikasikia machozi yanakuja. Ilikuwa Jumanne saa nane, na sasa hata ile springi nzima ya kulia ilikuwa imepotea kwenye lundo la vyuma.

Kabula alikuwa amechuchumaa, anatazama. "Baba," akasema taratibu, "hili halibebi pamba."

"Nani kasema linabeba pamba?"

"Wewe umelifunga kama linabeba. Ukiliongezea, unalikaza goti. Mimi nikitoka bombani na ndoo, nikikaza goti, maji yote yananimwagikia. Nikililegeza kidogo, ndoo inatulia. Hili ni jepesi. Linataka kulegezwa, siyo kukazwa."

Fundi Luhende alivua miwani. Sitaisahau sura yake. Ilikuwa sura ya mtu aliyefungiwa gereji moja na sasa anafukuzwa nyingine na mtoto aliyemletea kazi kwenye karai. "Mayo," akasema, "nimefunga springi hujazaliwa. Vyombo hivyo hapo. Tengeneza." Akaingia chini ya lori lililokuwa linamngoja, na miguu yake haikugeuka kututazama tena siku ile.

Nilitaka tuondoke. Nilikuwa namwona Mama Ima ameshafika, ameshaona, ameshaita. Kabula yeye alikuwa ananitazama kifuani. "Mwalimu, nipe kalamu zako." Nilikuwa na kalamu mbili za kubonyeza kwenye mfuko wa blauzi, alama yangu ya ualimu. Akazifungua, akatoa zile springi ndogo laini, akazibonyeza kwa kidole akizisogeza sikioni. Akang'oa mabamba yote ya Fundi. Akazipachika springi za kalamu kwenye vijibomba vya mbele, akaona zinarudi kwa haraka mno, zinatetemeka, basi akachota grisi kwa ncha ya njiti akaipaka ndani ya bomba ili zirudi polepole. Kisha akavua kandambili yake ya bluu, akakata kwa wembe vipande viwili vidogo kama punje za hindi, akaviweka kwenye mwisho wa bomba ili mguu ukishuka sana usigonge plastiki. Alifanya hayo yote ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Na hata katika wasiwasi wangu niliona kwamba ninamtazama mtu anayefanya jambo aliloumbiwa kulifanya. Sikumwambia.

Alilivusha juu ya kokoto zote za uwanja ule. Lilikuwa linapita kama maji. Kila tairi la mbele lilipanda jiwe lake na kushuka peke yake, na mgongo wa gari haukuyumba. Lilipanda bomba la chuma, likashuka. Lilikunja kulia, likakunja kushoto, likarudi likasimama miguuni pangu. Kabula alinigeukia, uso wote umefunguka, na mimi nikasema, "Haya, twende kabla mtu hajatuona." Hayo ndiyo maneno niliyompa.

Jumatano na Alhamisi nilikuwa naingia sebuleni kila saa kuhakikisha lipo, limesimama sawa, kandambili haionekani. Ijumaa saa tisa walirudi. Ima alikuwa na miwani mipya na hamu yake yote ilikuwa kabatini. Mama Ima alikaa barazani kuvua viatu, Mzee Maduhu aliyerejea kutoka Sapiwi akawa anazungumza na dereva wake juu ya lori lililolala njiani, Kabula akaja na sinia la chai. Mimi nilisimama mlangoni. Ima akaliweka gari ngazini, akabonyeza. Likashuka ngazi taratibu, tairi kwa tairi, likatua mchangani bila kuruka hata kidogo, likaendelea na safari. Moyo wangu ukatulia. Limepona, nikasema kimoyomoyo. Tumepona.

Ima akalirudisha. Akalishusha tena. Kisha akatupa rimoti chini. "Siyo langu!" akalia. "Langu linaruka! Hili haliruki!"

Katika kuhangaika kwangu kote, nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Mtoto alikuwa anapenda ubovu wake. Tulikuwa tumemletea gari zuri kuliko alilonunuliwa, na hilo ndilo lililotuchongea. Mama Ima alilichukua, akaligeuza, na nikaona macho yake yakitua kwenye waya wa shaba, kwenye grisi, kwenye vipande vya kandambili ya bluu. Akatazama chini, miguuni mwa Kabula. Kandambili ya kushoto ilikuwa imekatwa kisigino.

"Nani ameligusa hili gari?"

"Mimi, mama," Kabula akasema.

Alisema bila kuinama. Alikuwa ameshika sinia, kidevu juu, na alivyotamka ile "mimi" haikufanana na sauti ya mtu anayeomba radhi. Halafu akanigeukia. Alinitazama usoni, moja kwa moja, akasubiri. Nilijua anachosubiri. Nilijua kwamba ni zamu yangu, kwamba sentensi moja tu ingetosha, na mdomo wangu ulikuwa umefunguka kabisa. Dereva alikuwa ananitazama. Mzee Maduhu alikuwa ananitazama. Nikafunga mdomo, nikainama kumwokotea Ima rimoti yake.

"Na anakubali bila hata haya," Mama Ima akasema, zaidi kwa kushangaa kuliko kwa hasira. "Kesho asubuhi, Kabula. Nilishasema."

Usiku ule tulilala chumba kimoja kama kawaida, magunia yakituzunguka. Nilimsikia akikunja nguo zake. Nilingoja aniseme, anitukane, alie, ili nami nipate pa kuanzia. Alifunga kibuyu chake kwa kitambaa akalala. Asubuhi nilijifanya bado nimelala hadi niliposikia geti. Nilidhani amerudi Kimali, na katika miaka yote iliyofuata nilimwona kichwani mwangu yuko huko, na jembe. Barua ya chuo ilikuja mwezi uliofuata. Nimefundisha miaka thelathini, na sijawahi kumchapa mtoto aliyesimama akasema "mimi". Walimu wenzangu walikuwa wananicheka kwamba naharibu nidhamu ya shule.

Banda la nyuma ya soko sasa ni gereji yenye ukuta. Nilipofika hapo nikitoka msibani nilikuta madereva watatu wa malori kwenye benchi, wanasubiri, na chini ya gari moja niliona miguu ya ovaroli. Nikasalimia. Miguu ikatulia. "Sauti hiyo ni ya Mwalimu," ikasema sauti ya chini ya gari, na Kabula akatoka, kitambaa kichwani, mvi zimechungulia pembeni, mikono yake sasa imelingana naye. Tulikumbatiana, grisi ikaniingia kwenye nguo ya msiba. Aliliendesha gari langu hatua chache, akiwa ameinamisha kichwa na kusikiliza, akalipandisha jeki, akaingia kazini. Alipokuwa anafungua nati aliniambia kwamba asubuhi ile hakwenda Kimali. Alikuja na furushi lake hapo kwa Fundi Luhende, akamwomba kazi. Mzee alimkatalia siku tatu. Siku ya nne akampa nyundo.

Nilimsubiri amalize. Alipokuwa anafuta mikono nikaona nikichelewa tena nitakufa nalo. "Kabula," nikasema kwa sauti ya chini, "lile gari la Ima. Mimi ndiye niliyelivunja. Nilikuwa nalichezea."

Alinitazama kwa mshangao. "Ndilo ulilobeba muda wote huo? Mwalimu, lile lilikuwa bovu toka kwao. Springi ngumu vile kwa gari jepesi vile. Kama siyo wewe, Ima angelivunja kesho yake." Alikunja kile kitambaa mara mbili, tatu. "Mimi ninalo lingine nawe. Siku ile niliposema mimi, nilikutazama. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulikuwa unaniomba niseme ukweli."

"Ukweli gani? Nilikuwa nasubiri useme nimelitengeneza vizuri." Alikikunja kitambaa mara nyingine. "Fundi alikataa kutazama. Mtoto analia. Mama anaona kandambili. Wewe peke yako ndiye uliyeliona likipita kwenye kokoto. Mama angenifukuza, sawa, angenifukuza. Lakini ningeondoka nimesemewa." Akanipa ufunguo. "Zungusha pale kwenye mawe tusikie."

Nililiendesha juu ya mawe yote ya uwanja wake. Hakukuwa na sauti yoyote. Nikarudi, nikazima, nikashuka. Nikawageukia madereva watatu kwenye benchi, watu nisiowafahamu, nikawaambia kwa sauti yangu ya ualimu, "Kazi ya kwanza kabisa ya huyu mama niliishuhudia mimi, hapa hapa. Alifunga springi za kalamu kwenye gari lililomshinda Fundi Luhende, na lilitulia kuliko gari lolote nililowahi kuliona. Alilitengeneza vizuri sana."

Kabula alikuwa amenipa mgongo, anapekua pekua sanduku la vifaa.

"Rudia, Mwalimu," akasema bila kugeuka. "Yule wa mwisho hajasikia."

Nikarudia.